Señora, señorita au doña? Uzi kwa wanaopokea wageni wa Kihispania

#1 mzee_wa_briefing (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Naona vijana wengi wa Arusha na Moshi siku hizi wamejitosa kwenye Kihispania. Wamefanya la maana, mwongozaji anayekimudu hakai benchi msimu mzima. Ila kuna jambo vitabu vya kujifunzia vinalipita mbio: mwanamke unamwitaje? Kitabu kinakupa mistari mitatu. Señor ni bwana. Señora ni mwanamke aliyeolewa. Señorita ni ambaye hajaolewa. Kijana anafika geti la Machame na mistari yake mitatu, anamkuta mama wa makamo, kidoleni hana pete, pembeni yake mwanamume ambaye huenda ni mume, huenda ni kaka. Anaanza kupiga hesabu pale pale, salamu inamkwama kooni.

Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka tuitupe. Mwanamke mtu mzima ni señora. Usiangalie pete wala aliyeongozana naye. Mwite señora, tumia usted, yaani "wewe" ya heshima, na akitaka mzoeane zaidi mhamie kwenye tú, "wewe" ya kawaida, atasema mwenyewe.

Señora limetoka kwenye Kilatini senior, aliyekuzidi umri. Yaani tangu mwanzo ni neno la ukubwa, ndoa ilidandia baadaye. Señorita ni señora iliyopunguzwa. Sasa tazameni upande wa wanaume: señorito lipo, lakini hakuna benki itakayomwandikia mteja wake "señorito". Huyo ni mtoto wa tajiri, kazi hafanyi, anakula jasho la vibarua wa shamba la baba yake. Nenda Andalusia, kwenye mashamba makubwa ya mizeituni, umwite mwanamume hivyo, uone. Mwanamume wao ni señor tangu ndevu zinaota hadi anazikwa, hakuna anayemuuliza kama ameoa.

Kamusi ya Akademia ya Kifalme ya Hispania, ile inayojulikana kwa herufi RAE, bado inasema señorita ni la mwanamke asiyeolewa. Halafu inaongeza matumizi mengine: mwalimu wa shule, katibu muhtasi, mhudumu wa duka au wa ofisi ya umma. Hapo nyanyueni masikio. Mama wa watoto watatu akikaa nyuma ya kaunta anakuwa señorita, akitoka kazini anarudi kuwa señora. Hapo ndoa haipo tena, kilichobaki ni nani anamhudumia nani. Ndiyo maana Hispania kwenyewe, hasa maofisini na kwenye fomu, neno hilo linakimbiwa.

Doña ni habari nyingine. Asili yake domina, bibi mwenye nyumba, na sheria yake kubwa ni kwamba linakaa na jina la kwanza. Doña Carmen, sawa. Doña Ruiz, hapana. Señora Ruiz, sawa. Kwenye bahasha rasmi vyote vinapangwa foleni: Sra. D.ª Carmen Ruiz Molina.

Zamani doña na mwenzake don havikuwa vya kila mtu. Christopher Columbus, mwaka 1492, kabla hajapandisha tanga, miongoni mwa alivyopewa na wafalme wa Hispania ilikuwa haki ya kuitwa don. Na Malintzin, yule mwanamke wa Meksiko aliyekuwa mkalimani wa Hernán Cortés, Wahispania walimwita doña Marina, heshima ambayo askari wengi waliotembea naye hawakuwa nayo. Mjue ilikuwa na uzito kiasi gani.

Leo neno hilo limeenea juu na chini, katikati ndiyo limepungua. Malkia wa Hispania ni doña Letizia, bintiye mrithi wa kiti ni doña Leonor. Na mama mzee anayeuza mahindi ya kuchemsha pembeni ya barabara huko Meksiko naye ni doña. Kosta Rika walikuwa na rais mwanamke, Laura Chinchilla, kuanzia 2010 hadi 2014, watu wakimwita doña Laura kama jirani yao. Nikaragua vivyo hivyo, Violeta Barrios de Chamorro aliyeongoza kuanzia 1990 hadi 1997 alikuwa doña Violeta kwa waliompenda na wasiompenda.

Tahadhari moja: doña likibaki uchi, bila jina, hubadilika. Hispania ukimwambia mtu "oiga, doña", yaani "sikiliza, doña", umemdharau. Meksiko na Puerto Rico ni kawaida kwa mama mtu mzima. Buenos Aires, mwanamke aliyejipamba akaenda mjini anaweza asifurahi, linamnukia aproni na kapu la sokoni.

Matamshi hayatusumbui: ñ ni ny yetu ya nyumba. Wazungu wengine wanahangaika nayo, sisi tumezaliwa nayo. Kwenye kuandika ndiko tunakovurunda, lakini nitarudi hapo.

Nawasilisha.

#2 Mchokozi

Mkuu, yote haya ya nini? Mimi mwanamke yeyote aliyepita miaka arobaini ni "mama", iwe Mjerumani, Mchina au Mhispania. Wanacheka, wananipenda, tipu nabeba.

#3 mzee_wa_briefing

@Mchokozi kwa Mjerumani inapita kwa sababu anasikia Kiswahili. Kwa anayezungumza Kihispania neno hilo analo tayari, na la kwake lina mizigo. Mamá ni mama yake mzazi. Mami, huko Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika, huambiwa hata mtoto mchanga kwa mapenzi, ila likitoka kinywani mwa mwanamume mgeni kwenda kwa mwanamke mgeni, huko ni kutongoza. Mamacita ndiyo kabisa, hilo ni la vijana wanaokaa ukutani kupigia wapita njia miluzi. Na Meksiko neno madre limeingia kwenye matusi mengi kiasi kwamba watu hulitumia kwa uangalifu hata wakimtaja mzazi.

Mwite mama kwa Kiswahili, ukimweleza kwamba ni heshima yetu, atafurahi. Kuligeuza Kihispania usithubutu.

#4 DadaReservation

Asante kwa uzi mzee. Mimi niko ofisini, sipandi mlima, shida yangu ni majina. Nina mgeni kwenye orodha, tuseme Carmen Ruiz Molina. Dereva anakwenda kumpokea uwanja wa ndege, KIA. Kwenye kibao naandika Sra. Molina? Mume wake kwenye vocha hiyo hiyo ana majina mengine kabisa, Ruiz halipo wala Molina halipo. Nilidhani ofisi ya wakala wamekosea, nikawaandikia, wakanijibu majina yako sawa.

#5 mzee_wa_briefing

@DadaReservation hilo ni swali zuri kuliko uzi wangu wote. Wakala wako sahihi.

Mhispania ana majina mawili ya ukoo: la kwanza la baba, la pili la mama. Carmen Ruiz Molina, baba yake ni Ruiz, mama yake ni Molina. Ukimwita kwa jina moja ni señora Ruiz. Sisi tumezoea Kiingereza, jina la mwisho ndilo la ukoo, kwa hiyo tunarukia Molina. Ukiandika Molina peke yake, anaweza akapita mbele ya kibao chako akijua ni cha mtu mwingine, hasa usiku akiwa amechoka na ndege mbili. Kama kuna nafasi andika yote mawili: SRA. RUIZ MOLINA.

Na hakubadilisha jina alipoolewa. Hispania mwanamke anaingia kwenye ndoa na majina yake na anatoka nayo, hai au mjane. Malkia mwenyewe ni Letizia Ortiz Rocasolano, mumewe ni wa ukoo wa Borbón. Kwa hiyo mke na mume kuwa na majina manne tofauti kwenye vocha ndiyo kawaida, na watoto wao watabeba la kwanza la kila mmoja.

Siku hizi hata mpangilio umelegea. Sheria ya 1999 iliwaruhusu wazazi kuamua la mama litangulie. Mnaofuatilia mpira wa wanawake: Aitana Bonmatí Conca, aliyebeba Ballon d'Or 2023, 2024 na 2025, hilo Bonmatí analong'ara nalo ni la mama yake.

Ukivuka bahari kwenda Amerika ya Kusini na ya Kati utakutana na "de". Violeta Barrios de Chamorro: alizaliwa Barrios, akaolewa na Chamorro. Cristina Fernández de Kirchner wa Ajentina, hivyo hivyo. Hapo "de" maana yake "wa", mke wa. Akifiwa, baadhi ya nchi bado wataandika viuda de, mjane wa, kwa kifupi vda. de. Kwenye tiketi na kibao fuata pasipoti. Kwenye mazungumzo fuata anavyojitambulisha, maana kuna mwanamke aliyeachana na huyo bwana miaka mingi na "de" imebaki kwenye karatasi tu.

Angalia pia hii: la señora Ruiz ni mwanamke anayeitwa Ruiz. La señora de Ruiz ni mke wa bwana Ruiz. Silabi moja, watu wawili.

#6 Msafiri254

Niko Valencia, natunza wazee. Mwenye uzi amesema vizuri lakini wacha niwaambie mambo yalivyo huku chini, kwa sababu mtu akitua na señora na usted zake zote atashangaa.

Hispania ya leo imekuwa nchi ya tú. Daktari ananiambia tú, mimi namwambia daktari tú, kijana wa benki naye hivyo hivyo akishakuzoea. Kliniki mlango unafunguliwa, muuguzi anatoa kichwa, anaita "¡Amparo García!" na hakuna señora hapo. Bibi wa miaka themanini na kitu anainuka na mkongojo wake bila kununa. Mimi kwetu Nyeri mzee wa umri huo kuitwa jina lake tupu na mtoto wa juzi ingekuwa kesi.

Sokoni ndiyo kichekesho. Muuza matunda hakuiti señora, anakuita reina, malkia! "Dime, reina." Au guapa, mrembo, au cariño, mpenzi. Mwanzoni nilifikiri ananitaka, kumbe bibi aliye nyuma yangu kwenye foleni naye ni reina, na mwenye kununua kitunguu kimoja ni reina.

Shuleni, watoto wadogo wanamwita mwalimu wa kike seño, kifupi cha señorita. Ukipita nje ya shule ya msingi saa ya mapumziko unasikia "¡Seño! ¡Seño!" kama ndege wa asubuhi. Mwalimu mwenyewe anakaribia kustaafu.

Señora nalisikia wapi basi? Kwa wenzangu wa kazi wanaotoka Kolombia, Ekwado, Honduras. Wao wanamwita bibi wanayemtunza señora Amparo, au doña Amparo, na usted juu yake, hata wakiishi naye nyumba moja. Watoto wa yule bibi wanawaambia jamani acheni urasmi, na wao hawaachi. Na hapo mjue jambo lingine: katika mazungumzo yao ya jioni kwenye simu, wakisema tu "la señora", bila jina, wanamaanisha mwajiri. La señora amesema, la señora hajalipa. Sisi tuliowahi kufanya kazi za ndani Nairobi tunaujua vizuri mdomo huo.

#7 Mchokozi

Sasa nimechanganyikiwa. Mzee anasema usted, dada wa Valencia anasema tú. Nishike lipi?

#8 mzee_wa_briefing

Shika usted, mkuu. Nasi hatupo Valencia, tupo kazini na mgeni amelipa.

Usted lilianza kama vuestra merced, maneno makubwa ya kumwambia bwana mkubwa, mfano wa kumwambia mtu "mtukufu" usoni, likasagikasagika mdomoni mpaka likabaki usted. Kwa hiyo kitenzi chake kinakwenda kama unamsema mtu wa tatu: ¿Usted quiere agua? (unataka maji?), si quieres. Kosa la wanafunzi wetu wengi ni kumwita mtu señora kisha kitenzi kinatoka cha tú. "Señora, ¿quieres agua?" si tusi, ila ni kama kuvaa tai na ndala.

Mhispania wa kawaida ndani ya saa ya kwanza atakwambia "tutéame", niambie tú, au "llámame Carmen", niite Carmen. Ruhusa umeipata, shuka. Mkolombia wa Bogotá anaweza asikwambie safari nzima, na si kwamba amenuna. Huko usted inatumika hadi kati ya mama na mtoto, kati ya mke na mume. Mkoa wa Boyacá wana sumercé, mabaki ya su merced, na wanalitumia kwa mapenzi. Kosta Rika nao usted imetawala. Muajentina atakuja na vos yake, ndiyo tú ya kwao, hiyo mwachieni mwenyewe, nyinyi jibuni kwa usted mpaka awalegezee.

#9 BintiForodhani

Mimi nampinga mwenye uzi kwenye jambo moja, na nampinga kwa sababu nakaa mapokezi na ninaona nyuso zao.

Umesema mwanamke mtu mzima ni señora, nukta. Njoo Unguja uwaone wasichana wa Meksiko wanaokuja kwa makundi, miaka ishirini na tano, ishirini na nane. Mwambie mmoja señora, wenzake wanaangua kicheko na yeye anashika mashavu, kana kwamba umemwekea mvi. Kwao señorita ndiyo adabu. Mhudumu wa mgahawani ni señorita, dada wa benki ni señorita, hakuna anayeuliza ameolewa au hajaolewa. Mwanamume kijana anaitwa joven. Sasa kwa nini mimi Mzanzibari nimsahihishe Mmeksiko lugha yake kwa sababu Madrid wamelichoka neno?

Na bibi harusi je? Wa fungate? Huyo mwite señora siku ya kwanza, anamgeukia mumewe, wanachekeana, umeshafanya kazi yako.

#10 mzee_wa_briefing

@BintiForodhani hoja nimeiona, lakini sijashawishika yote. Kwa Mmeksiko wa miaka ishirini na tano, kweli, señora inamzeesha. Lakini hiyo señorita yao ina upande wa pili. Kwa wakubwa wa huko, kusema mtu "todavía es señorita" ni kusema bado ni bikira. Umri wake, ndoa yake, mwili wake, vyote vimebebeshwa neno moja la salamu. Mimi mwanamume wa kigeni kwa nini niingie huko wakati kuna njia ya pembeni?

Njia yenyewe: kwa msichana, chukua jina lake na usted. "Buenos días, Fernanda, ¿cómo amaneció?", yaani umeamkaje. Heshima ipo kwenye kitenzi, cheo kimebaki mfukoni, hakuna aliyezeeshwa.

Kwa wewe mwanamke unayemwambia mwanamke, uko kwenye uwanja mwingine, endelea na señorita zako.

#11 BintiForodhani

Hapo tumekutana nusu njia. Ila bado nasema mmeifanya señorita kuwa mhalifu zaidi ya ilivyo.

#12 Mutoto ya Bukavu

Bandugu, jambo kwenu bote. Miye niko Barcelona, mbele ya hapo niliishi Ufaransa. Ile vita ya señorita, Bafaransa baliipigana na mademoiselle. Tarehe 21 Februari 2012 serikali ilitoa waraka: fomu zote za serikali, kisanduku cha mademoiselle kitoke, kubaki madame peke yake. Bandugu ba Kongo tulishangaa kidogo, kwetu Bukavu binti anayesoma chuo ukimuita madame anakuuliza nani alikwambia nimeolewa!

Badeutsch, ni kusema Bajerumani, balitangulia bote, Fräulein, ile señorita yabo, waliitoa kwenye maofisi mwanzo wa miaka ya sabini. Na mwaka 2009 Bunge la Ulaya lilitoa mwongozo kwa bafanyakazi bake, waache kutofautisha señora na señorita, madame na mademoiselle, na zile zingine. Kulikuwa kelele mingi magazetini, bengine balisema Brussels inabanyang'anya lugha.

Hapa Barcelona ukisikia senyora ile ni Kikatalani. Sauti ni ile ile, ñ bo banaandika ny, kama sisi!

#13 kaka_Pemba_MZ

Mie wa Pemba ya Msumbiji, siyo ile ya karafuu. Kwetu Kireno kinafanya karibu vile vile, dona na jina la kwanza: dona Fátima, dona Amina. Mwanamke wa heshima mtaani hapiti bila dona.

Nataka kuongeza la Kuba. Baba mdogo alipelekwa kusoma Kuba, kwenye kisiwa cha Isla de la Juventud, miaka ya themanini, pamoja na watoto wengi wa Msumbiji na Angola. Alirudi na Kihispania ambacho hakina señora. Baada ya mapinduzi ya 1959 maneno ya señor na señora yalionekana ya mabwana wakubwa, mahali pake ikaja compañero na compañera. Mwalimu ni compañera, mpishi ni compañera, daktari ni compañera. Watanzania watu wazima humu wataelewa haraka, si mlikuwa na "ndugu"? Ndugu waziri, ndugu dereva. Baba mdogo mpaka leo muuza samaki wa kike anamwita compañera, akina mama wamezoea, wanajua ndiye.

#14 Msafiri254

@kaka_Pemba_MZ hiyo ni kweli, lakini compañera Hispania ni mfanyakazi mwenzako au mwanafunzi mwenzako, na kwa baadhi ya watu ni mwenza wa kuishi naye. Usimwambie mgeni.

Na mwingine wa kukwepa: madama. Kuna kijana aliwahi kuniandikia kwamba anawaita wageni wake madama akidhani ni madamu ya kistaarabu. Kwa Kihispania madama ni mwanamke anayesimamia danguro.

#15 Mchokozi

😂😂😂 Nimewahi kusema hiyo kwenye gari zima. Nyamazeni.

#16 DadaReservation

Nirudi ofisini. Nawasiliana na wakala mmoja wa Meksiko, mwanamke, chini ya barua zake anasaini "Lic." kisha jina, tuseme Torres. Lic. ni nini? Na salamu ya barua pepe naanzaje, Querida señora?

#17 mzee_wa_briefing

Querida weka kabatini, hiyo ni "mpenzi", ya ndugu na marafiki. Biashara ni estimada.

Lic. ni licenciada, mwenye shahada. Meksiko shahada ni cheo cha kuitwa nacho, na mwanamke aliyeitafuta hapendi uipite umpe señora ambayo hata ambaye hakusoma anaipata. Kwa hiyo: Estimada licenciada Torres. Mhandisi ni ingeniera, msanifu majengo ni arquitecta, daktari ni doctora. Hili hutatua pia ugomvi wa Binti hapo juu, maana licenciada haiulizi umri wala ndoa. Wahispania wa Hispania wao hawana mazoea hayo, ukiwaandikia licenciada watadhani unawatania.

Baada ya salamu weka nukta mbili, si mkato. Estimada Sra. Ruiz: halafu mstari mpya. Mkato ni mtindo wa Kiingereza na RAE hawautaki. Na herufi: señora na doña zikiandikwa kamili katikati ya sentensi ni herufi ndogo, zikifupishwa ni kubwa: Sra., Srta., D.ª.

Sasa ile ñ niliyoahidi. Kwenye simu bonyeza n ushikilie, itatokea. Kwenye kompyuta ya Windows shika Alt, piga 164 kwenye namba za pembeni, unapata ñ; 165 inakupa Ñ kubwa. Msiseme ni kialama tu. Dona bila kialama, Meksiko, ni donati. Utakuwa umemwandikia mteja Donati Guadalupe. Na mkimtakia mgeni heri ya mwaka mpya bila kialama juu ya año, mmemtakia heri ya sehemu ya mwili inayokaliwa. Hilo nimeliona kwenye kadi ya kampuni moja ya safari, yenye picha ya twiga, imeshatumwa.

#18 Mutoto ya Bukavu

🤣 Twiga anatakia bantu heri ya…

#19 Mchokozi

Mzee, swali la mwisho kabla hujafunga. Akija kiongozi wao, balozi au waziri mwanamke, tunakwenda na señora hiyo hiyo?

#20 mzee_wa_briefing

Ndiyo, na cheo nyuma yake. Hispania mwaka 2005 serikali iliamua mawaziri wake waitwe señor au señora na jina la wadhifa, bila Excelentísima, "mtukufu", ya mbele. Señora ministra. Balozi ni señora embajadora. Ingawa hapo zamani embajadora alikuwa mke wa balozi, na presidenta mke wa rais, kwa sababu hakuna aliyefikiri mwanamke atakikalia kiti mwenyewe. Claudia Sheinbaum alipoapishwa Meksiko Oktoba 2024 alisisitiza presidenta, na a mwishoni. Waliolalamika kwamba ni neno la kubuni juzi wameambiwa na RAE kwamba lipo kwenye kamusi yao tangu 1803.

Wabunge na majaji wao ni señoría, mwanamke na mwanamume sawa. Mtawa ni sor na jina la kwanza, au hermana. Mkuu wa nyumba yao ni madre. Kundi la mahujaji likija na masista, msianze na señora.

#21 DadaReservation

Na wageni wanawake wawili wa chumba kimoja, majina tofauti ya ukoo? Wako kwenye ndege hiyo hiyo ya huyo Ruiz Molina.

#22 mzee_wa_briefing

Sras. halafu jina la kwanza la ukoo la kila mmoja, SRAS. VIDAL Y OCHOA kwa mfano. Usiandike Sres., hiyo inasomeka bwana na bibi. Dereva akiwaona aseme "Bienvenidas", karibuni, na a, basi, achukue mabegi.

#23 DadaReservation

Nimeshabadilisha vibao vyote viwili. Dereva anauliza kama usted inatamkwa na d mwishoni.

#24 Msafiri254

Kwa mbali sana. Huku wengi wanaimeza, unasikia "usté". Mwambie asiikazie, akiikaza itatoka "usteddi".